Bei Iliyobaki Kitabuni

Siku ya kwanza fundi seremala anayeitwa Punguza alipopanda ngazi za ofisi ya Mama Kabati, alikuwa ameshajipanga kumkamua. Jina la Punguza hakujipa mwenyewe. Alipewa na wenye maduka, kwa kuwa hajapata kusikia bei ya kitu chochote, iwe pakiti ya misumari au nauli ya mkokoteni, asilitamke neno hilo kabla hata salamu hazijaisha. Benki ilikuwa imemwambia alete hesabu za miaka miwili zilizoandikwa vizuri, naye hesabu zake zote zilikuwa kichwani, na zilizozidi kichwa ziliandikwa kwa chaki kwenye ukuta wa karakana. Ndipo alipoelekezwa kwa mama mmoja mwenye ofisi juu ya duka la viatu, aliyewahi kukaa kwenye dirisha la benki miaka kumi na tisa akihesabu fedha za watu, akachoka, akatoka, na sasa anawatengenezea hesabu wafanyabiashara wadogo kwa ada ya kila mwezi.

Alimkuta mwanamke mfupi, miwani imening'inia kifuani, anakula karanga na kumenya huku anasoma. Nyuma yake kulikuwa na kabati la mbao lenye milango ya kioo, limejaa vitabu kutoka juu hadi chini. Punguza alilitazama kabati kwanza. Bawaba za bei rahisi, mlango wa kushoto umelala kidogo. Akatajiwa ada, akasema neno lake.

Mama Kabati hakukasirika kama wengine. Alimaliza kumenya, akasema ada yake haipungui, ila kwa mteja atakayeazima kitabu kimoja kila mwezi, akakisoma, akaja kumweleza kilichomo, ada inashuka robo. Vitabu vyenyewe vilikuwa vya namna moja tu: jinsi ya kuweka akiba, jinsi ya kukopa bila kujinyonga, kupanga bei, kuajiri ndugu na kumfukuza ndugu. Punguza, ambaye mara ya mwisho kufungua kitabu alikuwa amevaa kaptula ya shule, aliona hapo amepewa robo ya bure. Akachagua kilicho chembamba kuliko vyote. Mwezi ulipoisha akakirudisha, akasema ni kizuri sana, kinafundisha.

"Kinafundisha nini?" mama akauliza.

Akasema kinafundisha biashara. Akaulizwa swali la pili, akakuna kichwa. La tatu hakulisubiri. Mwezi ule alilipa ada nzima, na akashuka ngazi akijua kwamba kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi amekutana na mtu anayemweza.

Basi akaanza kusoma. Si kwa kupenda, kwa robo. Lakini ndani ya vitabu vile aligundua jambo ambalo hakulitarajia. Mama Kabati aliruhusu wateja waandike pembeni, kwa penseli, bila jina. Hoja yake ilikuwa kwamba vitabu vile viliandikwa na watu wasiojua soko lao, kwa hiyo wenye soko waongeze wanayoyajua. Tena hakuwahi kukifungua kitabu kinachorudishwa. Alikipokea, akakisikiliza kwa mdomo wa mteja, akakitia kabatini kama kilivyokuja, ili watu waandike ukweli bila kumwogopa. Pembeni pa kurasa basi palijaa kelele. Kitabu kikisema usichanganye undugu na biashara, mtu ameandika: "Mwandishi hana shemeji." Chini yake mkono mwingine: "Anaye, ila hajamkopesha." Mahali paliposema mfanyabiashara aamke saa kumi na moja, mtu aliuliza: "Na mkewe je, alale?" Punguza alikuwa akisoma pembeni kwanza, kisha ndipo anashuka kwenye maandishi yenyewe akiona haya kidogo, kama mtu anayesikiliza ugomvi wa jirani ukutani.

Kulikuwa na utaratibu mwingine, na huu ndio uliowaleta watu wengi. Kitabu kilitoka kabatini kikaingia kwenye mfuko wa kaki, mfuko ukakunjwa mdomo. Hakuna aliyejua mwenzake anasoma nini. Mtu anayezama kwenye madeni hapendi ijulikane sokoni kwamba ameazima kitabu cha kujinasua. Mama Kabati alikuwa na kadi zake kwenye droo yenye kufuli, na hakuna mtu, hata mumewe alipokuwa hai, aliyeambiwa kadi zile zinasema nini. Wateja wake walifika sitini na mmoja zaidi kwa sababu ya mdomo wake kufungwa kuliko kwa sababu ya hesabu zake, ingawa hesabu zake nazo zilikuwa safi.

Miaka minne ikapita hivyo. Punguza akapata mkopo wake, akanunua mashine ya kuranda, akaajiri mafundi watatu. Kisha mwenye kiwanja akamwambia mwisho wa mwaka anakihitaji kiwanja chake. Kupata karakana nyingine kulitaka kodi ya mwaka mzima mkononi, na hakuwa nayo. Wakati huohuo idara ya elimu ikatangaza zabuni ya madawati mia nne, yagawanywe katika shule kumi na moja. Nani asiyejua kupiga hesabu hiyo? Akiyapata madawati, anahama akiwa fundi mwenye karakana. Akiyakosa, anarudi alikotoka, yaani kwa Mzee Msasa.

Mzee Msasa alikuwa na banda kubwa la useremala kuliko yote pale, na Punguza alilifanyia kazi miaka kumi na mmoja kabla hajatoka kwa kubamiza mlango. Si mtu mbaya, lakini ulimi wake ulikuwa na chembe kama jina lake. Aliposikia habari za kiwanja, alimtumia mtu amwambie Punguza kwamba meza yake ya zamani bado ipo, wameiwekea makopo ya rangi tu, yataondolewa akija. Punguza aliposikia hilo hakula siku ile. Na Mzee Msasa naye alikuwa anaomba zabuni ileile.

Bei aliipanga peke yake. Kila hesabu kubwa alikuwa akimwonyesha Mama Kabati kwanza, lakini hii aliificha, kwa sababu mama alikuwa akishughulikia hesabu za Mzee Msasa pia, na Punguza alijiambia mdomo ni mdomo. Ndani ya kitabu chenye jalada la kijani, sura ya kupanga bei, mlikuwa na jedwali tupu la msomaji kujifanyia zoezi: mali ghafi, mikono, kodi, umeme, faida. Akakaa kibarazani kwake Jumapili, akalijaza kwa penseli. Akafuta, akajaza tena. Bei ya dawati moja ikatoka, akaizungushia duara mara mbili. Jumatatu asubuhi akaijaza kwenye fomu, akatia lakiri kwenye bahasha, akaitumbukiza kwenye sanduku la zabuni. Alipotoka hapo, kwa kuwa mwezi ulikuwa unaisha na robo yake inamngoja, akapitia kwa Mama Kabati, akaeleza kilichomo kitabuni vizuri sana, mpaka akasifiwa. Akarudisha kitabu.

Jumanne, saa nne hivi, alikuwa anaranda ubao wa mninga wakati mikono ilipokufa ghafla. Mashine iliendelea kulia, ubao ukaingia mpaka mwisho ukaharibika. Hakuwa amefuta kitabuni.

Alikwenda na vumbi lake la mbao kichwani. Pale chini ya ngazi akagongana na Mzee Msasa anashuka, mfuko wa kaki kwapani, umekunjwa mdomo. Mzee akamtazama tangu nywele hadi viatu, akasema kumbe siku hizi mafundi wanakuja mjini na kazi yao kichwani, akaenda zake. Punguza alipanda ngazi mbilimbili. Kabatini, rafu ya tatu, mahali pa kitabu cha kijani palikuwa wazi.

Mama Kabati alimsikiliza mpaka mwisho. Akavaa miwani, akafungua droo yenye kufuli, akatazama kadi, akafunga droo. Uso wake haukusema kitu, na Punguza, ambaye ndiyo kazi yake kusoma uso wa mtu anayeuza, hakuambulia chochote. Mama akamwambia kitabu kimetoka asubuhi ile. Kikirudi ataufuta ukurasa kwa mkono wake mwenyewe bila kuutazama. Zaidi ya hapo hana la kufanya.

"Nani anacho?"

"Fundi, unajua sisemi."

"Basi sema tu kwamba si Msasa. Hilo tu. Nitashuka ngazi, hutaniona."

"Nikikwambia leo nani hana, kesho utaniletea jina la pili, keshokutwa la tatu. Mwisho wake nimekusomea kadi zote."

Akamwomba basi amwite huyo mtu, yeyote yule, arudishe kitabu kwa kisingizio chochote. Mama akatikisa kichwa. Kitabu cha mtu ni mwezi mzima, hajawahi kukiita kabla ya siku zake. Akikiita leo, hata asiyekuwa na habari atakaa chini akifungue ukurasa kwa ukurasa aone kilichowashtua. Maneno hayo yalikuwa ya kweli, na ukweli wake ndio uliomkaba Punguza. Kila njia ya kuuzima moto ilikuwa ya kuupulizia.

Alitoka hapo akaenda kwenye ofisi ya zabuni. Karani akamweleza, kwa upole wa mtu aliyeulizwa hilo mara nyingi, kwamba sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu, na bahasha iliyoingia haitoki mpaka Ijumaa saa sita mchana, zitakapofunguliwa zote hadharani. Mpaka wakati huo asiyeleta bado anaweza kuleta. Je, Mzee Msasa ameleta? Karani akamtazama kwa macho mengine, akasema hilo si swali la kuulizwa ofisini. Punguza akaondoka haraka, asije akaandikwa mahali.

Jumatano haikuwa siku ya kazi, ingawa karakana ilikuwa wazi. Alipima ubao mara tatu, akakata pungufu. Fundi wake mmoja akamuuliza kama anaumwa, akajibiwa na kikohozi. Mchana mkewe, ambaye ni mshonaji na mtu wa maneno machache, alimkuta amekaa juu ya rundo la mbao anajitafunia kalamu. Akamweleza yote. Mke akafikiri, akauliza maswali mawili, kisha akasema, "Baba, kama hajaona, ukienda kumchungulia ndiyo utamwonyesha. Kaa." Punguza akakubali kwamba ni kweli kabisa. Nusu saa baadaye alikuwa bandani kwa Mzee Msasa.

Alijidai amekwenda kuazima jiriwa, ya kubania mbao pana. Banda lilikuwa lilelile, harufu ya gundi ileile, na kweli meza yake ilikuwepo pembeni na makopo ya rangi juu. Mzee alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha kuzunguka anakunywa chai. Mfuko wa kaki ulikuwa mezani mbele yake, na glasi imewekwa juu yake, imeacha duara la maji. Punguza alijaribu kuutazama mfuko bila kuutazama. Unene? Kama wa kitabu cha kijani. Ukubwa? Kama wa vitabu vyote.

"Jiriwa zipo," mzee akasema. "Lakini wewe hujaja kuazima jiriwa. Umekuja kunusa."

"Ninuse nini, mzee wangu?"

"Sijui. Mimi mtu akininusa huwa najiuliza nina nini kizuri."

Akacheka, akaupeleka mfuko kwenye mtoto wa meza, akaufungia. Punguza alitoka na jiriwa asiyoihitaji, uzito wa kilo sita begani, akijilaani njia nzima. Kama mzee alikuwa hajakifungua kitabu, sasa atakifungua. Amekwenda kwa miguu yake kumwambia hapa ndipo pa kuchimba.

Alhamisi alirudi kwa Mama Kabati, safari hii akiwa amekuja kufanya biashara. Alijua kufanya biashara. Kwanza aliweka mezani kitu kizuri: kabati jipya la mninga, milango minne, bawaba za shaba, bure. Mama akasema la zamani linamtosha. Akaongeza: na vitabu arobaini vipya, achague mwenyewe. Mama akasema karanga zimeisha, akatia maganda kwenye gazeti. Punguza akaona mzani hausogei, akabadilisha jiwe. Alimwambia kwamba yeye ni mtu wa watu, akisimama pale kwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambako kila mwenye kazi ya mikono hupita kununua msumari au habari, neno lake linafika mbali. Je, ikijulikana kwamba siri za wateja zinatembea kwenye mifuko ya kaki, kabati litabaki na nani?

Hapo mama alivua miwani. Kwake ofisi ile ilikuwa ndiyo chakula, ndiyo kodi, ndiyo ada ya chuo ya binti yake wa mwisho.

"Miaka minne nina hesabu zako na za Msasa kwenye droo moja," akasema. "Umewahi kujua analipa kodi kiasi gani? Umewahi kujua ana deni au hana? Kama ningekuwa mtu wa kutoboa, fundi, wewe ndiye ungekuwa wa kwanza kuambiwa, maana wewe ndiye unayeuliza kila mwezi. Hiyo bei uliiandika wewe. Mimi hata hukunionyesha. Nenda nyumbani."

Alisema nenda nyumbani kwa sauti ambayo, kama Punguza angekuwa na kichwa chake cha kawaida, angeisikiliza vizuri. Muuzaji anayesema hivyo huwa anajua kitu. Lakini kichwa chake kilikuwa kimejaa meza na makopo ya rangi. Akasikia kufukuzwa tu.

Akaenda kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Hakutangaza; watu wa namna yake hawatangazi. Alimwambia fundi bomba mmoja, kwa masikitiko, kwamba jamani siku hizi hata kwa Mama Kabati si pa kuweka siri, hesabu yake ya zabuni imeangukia mikononi mwa mshindani kupitia kabati lile, na hakutaja mkono uliosahau kufuta. Fundi bomba akamwambia mchomeleaji na wengine waliokuwapo. Mchomeleaji alikuwa ameazima kitabu cha madeni, kwa hiyo hakumwambia mtu, alikwenda moja kwa moja kukirudisha. Saa tisa alasiri Punguza alipita barabara ya duka la viatu, akaona watu wanapanda na mifuko ya kaki, wanashuka mikono mitupu, hawatazamani. Akajisemea ni haki yake. Akajisemea tena, kwa kuwa mara ya kwanza haikushika.

Ijumaa saa sita ukumbi wa idara ulijaa. Watu watatu walileta funguo tatu, sanduku likafunguliwa, bahasha saba zikapangwa mezani. Katibu akawa anachana moja baada ya nyingine na kusoma kwa sauti ya kanisani: jina la mwombaji, kisha bei. Punguza alikaa mstari wa nyuma. Ya kwanza, juu. Ya pili, juu sana, watu wakaguna. Ya tatu ilikuwa yake. Alipoisikia bei ile ikitamkwa na mdomo wa mtu mwingine aliona ni kama amevuliwa shati. Ya nne, juu kidogo. Ya tano, juu. Ya sita ilikuwa ya Mzee Msasa.

Alikuwa ameshajitayarisha kuisikia ikiwa chini ya yake kwa kiasi cha bei ya msumari. Ikasomwa. Ilikuwa juu ya yake kwa zaidi ya theluthi. Ya saba hata hakuisikia. Katibu akatangaza kwamba aliye chini ni Punguza, na sampuli yake ya dawati ilishakaguliwa ikafaulu.

Nje, Mzee Msasa alimpa mkono, mkono mkavu wa mbao. Akamwambia ameomba zabuni ile kwa mazoea tu. Bei aliiweka ya mtu anayetaka kukosa. Kisha akasema, bila kushusha sauti, kwamba anastaafu. Kitabu alichokuwa amekiazima kilikuwa cha mtu mzima kujipangia akiba ya uzeeni na kuwagawia wanawe banda wasipigane. Alitaka wanawe wasijue mpaka awe tayari. Jana alasiri aliposikia kwamba mifuko ya Mama Kabati inavuja, alikirudisha mbio, na kumbe mtoto wake mkubwa alikuwa amesikia habari za mifuko, akamfuata, akamwona, akauliza. Nyumbani hapakaliki sasa. "Sijui nani ameanzisha maneno hayo," mzee akasema, akimtazama Punguza kwa macho yaliyojua kabisa. "Jiriwa yangu irudishe Jumatatu."

Punguza alikwenda kwa Mama Kabati siku hiyohiyo. Mama alikuwa anafunga mafaili kwa kamba. Kitabu cha kijani kilikuwa mezani. Naye aliyekiazima alikuwa ameogopa kama wengine, akakirudisha. Mama akamsukumia, akamwambia ni ukurasa wake, afute mwenyewe. Punguza akafungua. Jedwali lake lilikuwa pale, duara mara mbili. Chini yake mkono mwingine, wa mtu asiyejua mbao wala gundi, ulikuwa umefuata njia yake hatua kwa hatua, ukipanga bei ya kufua na kupiga pasi mashuka ya hoteli. Na pembeni mwa hesabu yake, kwa herufi ndogo za adabu, mkono huo uliandika: "Fundi, naona hujaweka gari la kupeleka."

Aliisoma mara mbili. Shule kumi na moja, nyingine ng'ambo ya mto. Jedwali la kitabu lilikuwa la mwenye duka, ambaye wateja humfuata. Halikuwa na mstari wa usafiri, naye alijaza mistari iliyokuwepo. Ndiyo maana alikuwa chini ya wote. Akamsomea mama, na mama akamwambia kwamba kama angemwonyesha hesabu mapema, kosa hilo yeye angeliona kabla chai haijapoa.

Wakapatana hapohapo, na hayakuwa mapatano marefu. Mama alitaka jambo moja: arudi pale dukani, saa ileile ya wanunuzi wengi, aseme kwa sauti kwamba bei aliiacha mwenyewe kitabuni, na kwamba mama alikataa kumwambia jina la mtu hata alipoahidiwa kabati la mninga. Punguza akasema atasema, naye arudishwe kwenye wateja. Mama akasema hilo halimo. Akapendekeza basi arudishwe baada ya mwaka. Mama akamkabidhi faili lake, limefungwa kamba mbili.

Alisema, dukani, Jumamosi. Watu walisikiliza huku wanachagua misumari. Fundi bomba alimuuliza kama amelipwa kusema hivyo. Neno la kwanza lilikuwa limetembea kwa siku moja; hili la pili lilichechemea wiki kadhaa. Mama alikuwa amepoteza wateja ishirini na watatu, wakarudi tisa. Ofisi ya juu ya duka la viatu aliiacha mwisho wa mwezi, kodi haikuwa ikilipika tena, na ada ya chuo akaomba kuilipa kwa awamu.

Punguza alitengeneza madawati mia nne, akayapeleka yote kwa tarehe yake. Gari lilikula faida yote, likang'ata na akiba kidogo, lakini malipo ya awali yalimwezesha kulipa kodi ya karakana mpya, na ile meza ya bandani kwa Mzee Msasa akaikalia mtu mwingine. Kwenye vitabu vya hesabu, hiyo huitwa kupona. Zabuni iliyofuata aliipanga bei na mhasibu wa mtaa wa pili, kijana mwenye kompyuta mbili, ambaye hakumuuliza swali hata moja.

Mama Kabati alihamishia kazi sebuleni kwake. Wateja huvua viatu mlangoni. Njia ya Punguza kwenda kwa wauza mbao inapita hapo, na kila apitapo hupunguza mwendo akahesabu jozi. Jumamosi ya kwanza zilikuwa nne. Wiki iliyopita zilikuwa saba, na mojawapo ilikuwa ya ndara zilizofifia kwa maji ya sabuni.